Barua kwa mwanangu: umeniuliza ununue vitabu gani, ngoja kwanza nikwambie ya Bibi yako

Mwanangu, baba'angu,

Meseji yako nimeisoma asubuhi nikairudia mchana nikiwa nimetulia. Unauliza uendelee kumnunulia mjukuu wangu vitabu vya hadithi au ubaki na vya maarifa tu, vya sayansi na wanyama na nchi za watu, maana mwalimu wake kawaambia kwenye kikao cha wazazi kwamba hadithi zinawapotezea watoto muda, mtihani hauulizi sungura alimfanya nini fisi. Na mama yake naye kaanza kuelemea huko, na hela ya kununua vyote hamna. Nimekuelewa. Ila kila nikisikia mtu anavitenga hivi vitabu, vya maana huku na vya kujifurahisha kule, roho yangu inaenda moja kwa moja kwa Bibi yako, kwahiyo nivumilie.

Nyie mlimkuta Bibi mtu mzima na miwani yake anasoma Biblia kila jioni, mkaona ndivyo alivyo. Bibi yako alijifunza kusoma ana watoto wanne tayari, darasa la ngumbaru, jioni, akitoka shamba, mimi nikiwa nimelala mgongoni kwake. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, lakini huku kwetu kanda ya ziwa mradi ulishaanza 1968, serikali na UNESCO, na vitabu vyao vilitungwa kwa kufuata kazi za watu, wakulima wa pamba wana chao, wa migomba chao, wavuvi chao, wafugaji chao. Miaka ile ya uhuru watu wazima wengi hawakujua kusoma kabisa, sensa ya 1967 ilikuta kama theluthi mbili hivi. Bibi yako alikuwa mmoja wao, na herufi zake za kwanza zilikuwa za pamba. Kupanda mapema, kupalilia, kupiga dawa, kutenga pamba safi na fifi, yaani ile chafu. Hakukuwa na hadithi hata moja mle ndani.

Nalisema hili mapema kwa sababu nikianza kutetea hadithi watu wanadhani nadharau vitabu vya maarifa. Sividharau mimi. Msimu mmoja Bibi alipeleka pamba kituoni, karani wa mizani akapima akaandika kikaratasi akampa, yule karani alikuwa amezoea akina mama wanachukua karatasi wanakunja wanaondoka. Bibi akasimama. Akaangalia mizani, akaangalia karatasi, akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Mwanangu, mizani inasema 38 wewe umeandika 33." Foleni nzima ikanyamaza, alafu akina mama wakaanza kufungua vikaratasi vyao wakimpa asome na yeye! Babu yako aliisimulia hiyo mpaka uzeeni na kila akifika kwenye 33 anapiga goti lake kwa mkono. Kwahiyo nani ataniambia kitabu cha pamba hakikuwa na utamu.

Na Mtu ni Afya je? Ile kampeni ya 1973, kitabu kinasomwa kwenye kikundi na redio inaongea, Radio Tanzania, watu wamekaa duara wanasikiliza habari za malaria na safura na kichocho. Huku ziwani mtoto wa kiume akikojoa damu wazee walikuwa wanasema anakua huyo. Kumbe ni kichocho, kinatokana na maji na konokono, na choo ndiyo dawa yake ya kwanza. Babu alichimba choo wiki ileile. Mjomba wako mkubwa akapelekwa zahanati. Hiyo ni faida ya kitabu unaweza kuishika kwa mkono, na mimi kama mama siwezi kusimama mbele ya mwalimu wa mjukuu wangu nikasema maarifa hayana kazi.

Sasa sikia ya pili, ndiyo hasa inayoniuma na ndiyo imenifanya nikae chini kuandika.

Nilikuwa darasa la saba, miaka ya themanini mwanzoni. Mwalimu mmoja alirudi na meli kutoka Mwanza na kitabu kinene, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, akamwazima Babu maana aliyeandika ni mtu wa hapahapa Ukerewe, mzee Aniceti Kitereza. Mzee yule aliandika kwa Kikerewe akamaliza 1945, asipate wa kumchapia, mwishowe akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, kikatoka 1980, na yeye akafariki 1981. Miaka 35 mtu anangoja kitabu chake! Babu alilijua hilo ndiyo maana alikishika kwa mikono miwili, na akasema kisisomwe kimyakimya na mtu mmoja pembeni, kisomwe watu wakisikia. Na mimi mpaka leo ndivyo ninavyoamini, kitabu kisomwe watu wakisikia, nimekwambia hivyo tangu uko mdogo.

Basi tunachambua pamba usiku, kibatari katikati, mimi nasoma, Babu yupo, Bibi yupo, na Bibi wa Nansio yupo, yaani shangazi yangu mkubwa, alikuja kukaa siku kadhaa. Hadithi yenyewe ni ya mtu na mkewe wanaopendana ila hawajapata mtoto, na ndugu wa mume wanamsema yule mwanamke maneno mabaya mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Hapo nikasikia mikono imeacha kufanya kazi. Wewe unajua Bibi alikaa miaka mingapi kwa Babu kabla mjomba wako mkubwa hajazaliwa, na ndiyo maana mjomba ana jina lile, na maneno yale yale ya kitabuni yalitoka kwenye mdomo wa nani, sina haja ya kurudia. Shangazi akasema, "Hicho kitabu kazi yake kufukua ya watu," akajifunga khanga akaenda kulala. Babu kimya. Mimi nikataka kufunga, Bibi akasema, "Soma."

Nikasoma. Nikafika pale Myombekere anapofunga safari kwenda ukweni mwenyewe kumwomba mkewe, anakaa mbele ya wakwe, anatozwa pombe ya ndizi, anaitafuta anaipeleka. Babu yako, ambaye hakuwahi kuongea mambo hayo mbele ya mtoto, akasema taratibu, "Mimi sikwenda." Na Bibi akajibu bila kumwangalia, "Nilirudi mwenyewe." Basi. Hakuna aliyesema kingine usiku ule, nikasoma mpaka mafuta yakaisha.

Mwanangu, mimi niliishi nyumba moja na wale watu wawili nikadhani nawajua. Kitabu cha pamba kilimpa Bibi nguvu ya kumjibu karani. Lakini yale aliyokuwa nayo kifuani kwa Babu na kwa wifi yake, nani angemwandikia kitabu cha kufundisha hayo? Angejifunzia somo gani? Ilibidi aje Bugonoka, mwanamke ambaye hayupo, ndiyo Bibi aweze kusema maneno mawili ya kweli ndani ya nyumba yake. Hapo ndipo ninapokataa mtu akiniambia hadithi ni kupoteza muda.

Ila hapohapo najipinga mwenyewe, maana Shangazi asubuhi aliondoka na hakukanyaga kwetu mpaka msiba wa babu yetu. Miaka ile ilikuwa mirefu kwa Babu, dada yake mmoja tu. Kwahiyo kile kitabu kilituponya au kilituchonganisha? Kuna siku nasema kilituponya, maana baada ya usiku ule Babu alianza kumpeleka Bibi kwao kila mavuno, mwenyewe, na kitu mkononi, na watu wakashangaa. Kuna siku nikikumbuka Shangazi alivyokuwa anapita barabarani bila kugeuza shingo nasema labda yangebaki yamelala tu. Alafu nasema hapana, yalikuwa hayajalala, yalikuwa yanamla mtu mmoja peke yake.

Na kuna kitu kingine ambacho mwalimu wa mtoto angekisoma kile kitabu angepata tabu kukiweka kwenye fungu lake. Mle ndani ya ile hadithi kuna dawa za miti, kuna kilimo, kuna namna ya kupika pombe ya ndizi, kuna mahari na faini na adabu za ukweni, kuna wanyama na wadudu wa kisiwani kwetu, mambo ya kabla ya wakoloni ambayo mzee Kitereza aliona yanapotea akayafungia humo. Babu alikuwa anakitumia kumaliza ubishi na wazee wenzake. Sasa hicho ni cha hadithi au cha maarifa? Mimi mwenyewe nilikuja kupenda historia sekondari kwa sababu yake, na nilipoanza kusoma vitabu vya uuguzi chuoni, ukurasa wa kichocho niliusoma namwona kaka yangu. Vile vya maarifa vilinikaa kwa sababu kulikuwa na watu kichwani mwangu wa kuwaweka ndani yake. Labda kwa wengine si hivyo. Baba yako alisoma magazeti na vitabu vya ufundi maisha yake yote hakugusa hadithi, na alikuwa mtu mwenye huruma kuliko mimi, hilo nalo siwezi kulificha.

Kwahiyo unataka niseme nunua hiki. Ulimi unaniwasha kweli, na ungekuwa umekaa hapa jikoni ningeshasema. Lakini mtoto ni wako na mama yake, na mwalimu anamwona kila siku mimi namwona likizo, basi nanyamaza. Ila naomba uniambie vitu viwili kabla hujaenda dukani. Hivyo vitabu anavyosoma sasa hivi, huwa anasoma na nani, au anapewa akae pembeni ili nyie mpumzike? Na ni wakati gani anakuja na maswali, akitoka kwenye cha wanyama au akitoka kwenye cha hadithi? Muulize na mama yake, yeye atakuwa ameona zaidi.

Hela ya pamba hakuna siku hizi ila nimeuza machungwa kidogo, nitakutumia kwenye simu Jumamosi. Ukipita pale Mwanza wanapopanga vitabu vya mtumba chini, chukua viwili, kimoja kila upande, na usimwambie kipi ni cha shule. Na likizo ya Desemba mlete huku, mje naye mapema kabla mvua haijaharibu barabara.

Mama yako.