Kriminolojia kama somo la pembeni: uchague yuniti gani?

Swali: Niko mwaka wa pili Nairobi, nasomea sosholojia. Tumeruhusiwa kuongeza kriminolojia (elimu ya uhalifu) na haki kama somo dogo pembeni. Itanisaidia kupata kazi ya probesheni, ile ya kusimamia wakosaji nje ya jela, ama napoteza muda? Na nichukue yuniti gani?

Jibu: Mdogo wangu, ichukue, lakini ujue haitakufanya mpelelezi wala wakili. Probesheni wataangalia kwanza digrii yako kuu, na sosholojia iko sawa kabisa. Hii ya pembeni inakufunza kusoma kesi ya mtu.

Wanafunzi wengi wanaokuja atachmenti kwetu probesheni wamekimbilia yuniti za wauaji sugu na upelelezi maana zinavutia, halafu ukimpa faili ya kijana aliyeiba simu hajui aanzie wapi, na hiyo faili ndiyo kazi yenyewe. Hakimu anataka ripoti kabla ya kutoa hukumu, kwa hivyo unaenda kwao nyumbani, unaongea na mamake, na chifu, na jirani, na aliyeibiwa pia, huyo usimsahau kabisa, kisha unaandika kurasa chache ambazo korti inaweza kuzitegemea. Sheria ya huduma kwa jamii ya 1998 inafungua mlango wa kufanya kazi ya umma badala ya kwenda jela, pale kifungo kisingezidi miaka 3. Sasa ukiandika ripoti ya uvivu, mtu ambaye angefagia hospitali ya kaunti na kurudi kwa watoto wake jioni anaenda jela. Hilo linaniuma sana.

Soma pia uamuzi wa kesi ya Muruatetu wa Desemba 2017. Mahakama ya Juu ilisema kulazimisha hukumu ya kifo kwa kila kesi ya mauaji ni kinyume cha katiba, ikataja mambo ya kupimwa: umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, uwezekano wa kubadilika. Utayapimaje hayo kama hukusoma kriminolojia?

Kwa hivyo chukua adhabu na urekebishaji, waathiriwa wa uhalifu, na haki ya watoto, maana sheria ya 2022 ilipandisha umri wa kushtakiwa kutoka miaka 8 hadi 12. Halafu takwimu na utafiti, hata kama wenzako wanaitoroka. Nambari za polisi ni za yaliyoripotiwa tu, mama anayepigwa nyumbani akanyamaza hayumo humo, na usipolijua hilo utadhani mtaa wake ni salama.

Kabla ujisajili, uliza ofisi ya masomo kama hilo somo dogo litaandikwa kwenye transkripti.