Ukisoma Oedipus, wafuate wachungaji na wazee wa mji

Msomaji mmoja ametuandikia kwamba insha yake kuhusu Mfalme Oedipus, mchezo wa kuigiza wa Mgiriki wa kale Sophocles, imerudishwa na alama ndogo. Alikuwa ameandika kwamba Oedipus aligundua kwa akili zake mwenyewe ukweli kwamba amemuua Laius, mfalme aliyemtangulia na baba yake mzazi, na kumwoa mama yake Jocasta, na anauliza kosa liko wapi. Swali hili tunalipata mara kwa mara, na inauma, kwa sababu wanafunzi wengi hawafundishwi kumtazama mtu mwingine yeyote jukwaani ila mfalme.

Oedipus ana bidii, hilo hakuna anayembishia. Lakini alichonacho mkononi ni kisa cha njia panda alikomuua mzee mmoja garini, basi. Vipande vingine vyote wamevishika watu wengine: Creon (shemeji yake), Jocasta, mjumbe kutoka Korintho, mchungaji mzee, na wale wazee 15 wa mji wake, Thebes, tunaowaita korasi. Kazi yako ni kuonyesha vipande hivyo vinavyokutana.

Chukua karatasi, ichore safu nne: nani anasema, anasema nini, alijuaje, na ana sababu gani ya kusema au kunyamaza. Andika namba ya mstari kwa kila jambo. Tafsiri nyingi huweka pembeni namba za mistari ya Kigiriki, kwa hiyo tumia hizo, si namba za kurasa. Safu ya tatu ndiyo wanafunzi wengi wanayoiruka, nayo ndiyo roho ya kazi, kwa sababu karibu kila mtu hapa anasimulia alichoambiwa.

Anza na idadi ya wauaji. Creon anarudi kutoka Delphi, alikokwenda kupokea kauli ya mungu Apollo, akisema mtu mmoja tu alinusurika Laius alipouawa, na kwamba mtu huyo alitaja majambazi, wengi (122). Oedipus anajibu palepale, lakini kwa umoja: jambazi angethubutuje, kama hakulipwa na mtu wa hapa mjini? (124). Kwa Kiswahili tofauti hiyo yote imo katika ma-, na ukisoma harakaharaka inakupita. Piga mstari kila mahali neno hilo linapotokea. Baadaye Oedipus ataliweka tumaini lake lote hapo: kama walikuwa wengi, yeye si muuaji, kwa sababu mmoja hawezi kuwa sawa na wengi (845). Jocasta anamtuliza kwamba yule shahidi hawezi kuyakana maneno yake, kwa kuwa mji mzima uliyasikia, si yeye peke yake (849–850).

Isome tena sentensi hiyo ya Jocasta. Mji mzima uliusikia ushahidi huo, na miaka yote hiyo hakuna aliyeufuatilia, kwa sababu Sphinx, zimwi la mafumbo, alikuwa amewabana na msiba wa mlangoni ukawasahaulisha uliopita (130–131). Ukweli ulikuwa umelala hadharani. Mwanafunzi akilikamata hilo, insha yake inabadilika, kwa sababu haulizi tena nani ana akili zaidi. Anauliza ni nani alijua nini, na kwa nini hakuna aliyemuuliza.

Sasa wafuate wazee. Wengi huwachukulia kama waimbaji wa kujaza nafasi kati ya onyesho na onyesho, na vikundi vya maigizo vikikosa muda ndio wanaokatwa kwanza. Hapo mchezo unavunjika. Katika mstari wa 292 kiongozi wao anasema habari ya zamani ilikuwa kwamba Laius aliuawa na wasafiri. Hasemi majambazi. Oedipus alikuwa msafiri siku ile, na neno hilo linampita sikioni. Tiresias, mwaguzi kipofu, na mfalme wanapotukanana, ni wao wanaosema kwamba wote wawili wanaongea kwa hasira, na kinachotakiwa ni kuifumbua kauli ya mungu (404–407). Mfalme akianza kujiogopa, wao ndio wanaomwambia asikate tamaa mpaka amsikie aliyekuwapo (834–835).

Kubwa kuliko yote ni mistari ya 1051–1053. Mjumbe wa Korintho amekuja kutangaza kifo cha Polybus, mfalme wa Korintho aliyemlea Oedipus, huku akitumaini kupata chochote kwa kuleta habari hiyo. Oedipus anasema bado anamwogopa Merope, ambaye anamdhania kuwa mama yake, kwa kuwa alitabiriwa kwamba atamwoa mama yake. Mjumbe, akidhani anamwondolea mzigo, anamwambia kwamba hao si wazazi wake: yeye mwenyewe alimpokea akiwa mtoto mchanga, vifundo vya miguu vimetobolewa, kutoka kwa mchungaji wa Laius. Mchungaji gani? Kiongozi wa wazee anajibu kwamba anadhani ni yuleyule wa mashambani ambaye mfalme alikwisha kumwita, yaani yule shahidi aliyenusurika Laius alipouawa. Kwa sentensi hiyo kesi mbili, ya mauaji na ya uzazi, zinakuwa kesi moja. Aliyeziunganisha ni raia anayewajua watu wa mji wake. Mchungaji anapotokea, wao tena ndio wanaothibitisha sura yake (1117–1118), kwa sababu Oedipus hajawahi kumwona kwa kumtambua.

Lakini usiwageuze kuwa watu wasiokosea. Muda mfupi kabla mchungaji hajafika wanaimba kwa furaha kwamba labda Oedipus ni mtoto wa mungu aliyezaliwa mlimani Cithaeron (1086–1109). Wanampenda mfalme wao, na mapenzi yanawaziba macho. Andika hilo pia katika safu ya nne.

Mahojiano ya mchungaji yasome polepole. Mzee anajidai hakumbuki. Mjumbe anamkumbusha malisho ya Cithaeron: mchungaji alikuwa na makundi mawili, mjumbe kundi moja, misimu mitatu ya miezi sita sita, tangu majira ya kuchipua mpaka nyota Arcturus ilipochomoza (1135–1137). Hiyo ni kumbukumbu ya mtu wa kazi. Haipingiki, na haikutoka kwa mungu wala mwaguzi. Mzee anamwambia mjumbe anyamaze, lakini mzee mwenyewe anashikwa mikono na kutishiwa, ndipo anakiri: mtoto alipewa na Jocasta amuue, akamhurumia (1173–1178).

Angalia pia kisichoulizwa. Mchungaji huyu aliitwa aseme kama wauaji walikuwa wengi au mmoja. Akifika, hakuna anayemuuliza swali hilo! Swali la uzazi linalimeza. Wanafunzi wengi huandika kwamba alikiri kusema uongo kuhusu idadi ya majambazi; jambo hilo halimo kwenye mchezo, na msahihishaji aliyeusoma atalikata. Unachoweza kuandika ni kwamba mtu huyo, alipomkuta Oedipus kwenye kiti cha Laius, alimshika Jocasta mkono akamwomba ampeleke malishoni, mbali na mji kadiri iwezekanavyo (758–762). Tendo hilo linasema mengi, nawe una haki ya kulifasiri.

Kwa wanaouigiza: ukilazimika kuwapunguza wazee, baki na watatu au wanne, lakini mistari yote tuliyoitaja hapo juu ibaki. Na usimpe mwigizaji mmoja nafasi ya mjumbe na ya mchungaji, kwani wanasimama pamoja jukwaani. Sophocles alikuwa na waigizaji watatu tu wa kusema. Oedipus na mjumbe wanabaki jukwaani, kwa hiyo aliyemwigiza Jocasta ndiye aliyerudi akiwa mchungaji. Kati ya Jocasta kuondoka (1072) na mchungaji kufungua kinywa (1123) kuna mistari 50, muda wa kubadili barakoa na joho. Ukifuata mpangilio huo, mama aliyemtoa mtoto na mtumishi aliyempokea watakuwa na sauti moja. Mwambie mwigizaji asiibadilishe sana.