Wasomaji Wanauliza: Mbona Have I Got News for You kila wiki ina mtangazaji mpya?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mi niko Leicester huku Uingereza, Ijumaa usiku tukishakula tunawasha BBC One tunaangalia Have I Got News for You, kile kipindi cha chemshabongo ya habari cha kuchekesha. Sasa mume wangu kashikilia bango kwamba aliyekianzisha ni Boris Johnson, mi nabisha. Halafu mbona kila wiki analetwa mtangazaji mwingine, BBC hawana hela ya kuajiri mmoja au?
Msomaji, Leicester

JIBU: Marahaba. Kwenye huo ubishi umeshinda wewe, baba watoto alipe soda. Boris alikuja kama mgeni tu mara ya kwanza mwaka 1998, baadaye ndo wakampa na kiti cha kuongoza mara kadhaa, watu wakavunjika mbavu kwa jinsi alivyokuwa anababaika na maswali aliyoandikiwa, na wapo hadi leo wanaosema kile kicheko ndo kilimpa umaarufu uliomfikisha umeya wa London 2008 na uwaziri mkuu 2019. Mi naona wanakipa kipindi sifa kubwa kuliko inavyostahili, ila kusema hakikumsaidia kabisa nako ni uongo.

Kipindi chenyewe kilianza Ijumaa tarehe 28 Septemba 1990, tena si BBC One, ni BBC Two. Kampuni inayokitengeneza ni Hat Trick, na wazo liko jirani sana na The News Quiz ya redioni, BBC Radio 4, ambayo ipo tangu 1977. Mtangazaji alikuwa Angus Deayton, mtanashati na suti zake, na makapteni ni haohao unaowaona leo: Ian Hislop, mhariri wa jarida la Private Eye, na Paul Merton mchekeshaji. Timu mbili za watu wawiliwawili, maswali ya habari za wiki, kujaza neno lililofutwa kwenye kichwa cha habari, na pointi ambazo hakuna mtu anazijali.

Miaka ile ya BBC Two ndo walifanya vituko hasa. Juni 1993 mwanasiasa wa Labour, Roy Hattersley, alitakiwa aje akaghairi dakika za mwisho, na ilikuwa mara ya tatu anawafanyia hivyo, basi wakaweka kopo la mafuta ya nguruwe kwenye kiti chake wakaendelea na shoo kama kawaida, kopo likahesabiwa mgeni na likatambulishwa kwa heshima zote. Nani angetoroka tena baada ya hapo?

Oktoba 2000 wakahamia BBC One, mwezi uleule BBC One ilipoitoa taarifa ya habari ya saa 3 usiku ikaipeleka saa 4, kwahiyo pakapatikana nafasi nzuri.

Sasa kuhusu watangazaji kubadilika, hapo ndo kuna stori yenyewe. Mei 2002 gazeti la udaku la News of the World lilimwanika Deayton ukurasani kwa habari za kokeini na kahaba. Fikiria, mtu kazi yake ni kuwachana wengine kwa kashfa zao halafu wiki hiyo kashfa ni yake, na pembeni wamekaa Merton na Hislop na hawakumwonea huruma hata kidogo, walimpiga madongo mbele ya watazamaji na yeye kakaa hapohapo anatabasamu kwa shida. Alivuka salama msimu ule, ila Oktoba yakatoka mengine, BBC wakamwachisha kazi. Epsodi iliyofuata akaongoza Merton mwenyewe, wakasema tutaleta wageni kwa muda wakati tunatafuta mtu, lakini watazamaji wakaipenda kila wiki na sura yake, huyo mwandishi huyu mwanasiasa yule mwigizaji, mwisho wakaufanya ndo utaratibu. Kwahiyo si suala la hela. Na kwa maoni yangu kile kilichoonekana pigo ndo kimekiweka hai, maana Deayton alishaanza kuzoeleka.

Anayebaki palepale ni Hislop, hajakosa epsodi hata moja tangu 1990. Merton alipumzika msimu mmoja mwaka 1996, akarudi.

SWALI: Kinarushwa laivu? Wanaongea mambo mazito mbona hawashtakiwi?
Msomaji, London

JIBU: Si laivu ndugu yangu. Wanarekodi Alhamisi jioni mbele ya watazamaji, wanarekodi mengi kuliko yanayohitajika, wanasheria wanapitia, yanakatwa mpaka inabaki nusu saa ya Ijumaa. Baadhi ya yaliyokatwa yanatoka kwenye toleo refu, Have I Got a Bit More News for You. Na si sheria ya kashfa pekee inayowabana: Mei 2019 epsodi nzima iliondolewa kwenye ratiba kwa sababu mgeni alikuwa Heidi Allen, kiongozi wa chama cha Change UK, na uchaguzi wa Bunge la Ulaya ulikuwa umebaki wiki mbili tu. 2020 wakati wa korona nao kila mtu alikaa kwake, wakaunganishwa kwa kamera kama kikao cha ofisini, bila watu wa kucheka. Ilipwaya.

SWALI: Nimesikia Wamarekani wameiga, kweli?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Hawajaiga kwa kuiba, ni toleo rasmi. Lilianza CNN Septemba 2024, Jumamosi usiku, mtangazaji ni Roy Wood Jr., makapteni Amber Ruffin na Michael Ian Black. Wao mtangazaji ni mmoja. Waholanzi walishatangulia tangu 1996 na Dit was het nieuws.