Hisa, Sacco na soko la fedha: jumla inasoma sifuri

Dada wa Kisumu, ulivyoeleza, umeandika michango ya Sacco (chama cha akiba na mikopo), hisa za Safaricom na mfuko wa soko la fedha kwenye Excel moja, lakini jumla inatoka 0. Fomula yako haina kosa. Ukiandika "Sh 5,000" kwenye seli, Excel huona maneno, na SUM, fomula ya kujumlisha, huyaruka kimya kimya. Bonyeza Ctrl+H, ubadilishe "Sh " (pamoja na nafasi yake) kuwa tupu. Kisha ipe safu hiyo umbizo maalum (Format Cells, kisha Custom) "Sh "#,##0. Sh itaonekana, namba itabaki namba.

Kila muamala uwe na mstari wake: A tarehe, B mali, C kiasi. Pesa yako uliyowekeza iandike kwa alama ya kutoa (-), gawio bila alama, tena lile lililokufikia baada ya kodi ya 5%. Jumla ya mali moja:

=SUMIF(B:B,"Sacco",C:C)

Ukiacha nafasi baada ya "Sacco" kwenye mstari mmoja, mstari huo hauhesabiwi.

Faida ya mwaka kwa asilimia hupatikana kwa XIRR, fomula inayozingatia tarehe za miamala. Ongeza mstari wa mwisho wenye tarehe ya leo na thamani ya sasa ya mali zako zote, kisha:

=XIRR(C2:C40,A2:A40)

Ikileta #NUM!, huenda alama za kutoa hazipo. Kagua pia kama 03/04 inasomwa Aprili au Machi. Hapo ndipo wengi huumia.

Hisa za Sacco zitenge na akiba. Ukijitoa, akiba hurudishwa; hisa huwa unamuuzia mwanachama mwingine. Ukiwa na hisa za nje ya nchi, kodi yake mwulize mhasibu.