Maswali ya Wasomaji: Ndoa za Jinsia Moja Ng'ambo na Sheria Yetu Hapa Nyumbani

SWALI: Mhariri, mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Bagamoyo. Tukikaa barazani baada ya sala ya alasiri, mazungumzo hayakosi kuangukia nchi zilizoruhusu wanaume kuoana wao kwa wao na wanawake vivyo hivyo. Wenzangu wanashikilia kwamba mambo hayo yalipitishwa usiku mmoja na wakubwa wachache, na kwamba ipo siku yatapitishwa hapa kwa namna hiyo hiyo. Naomba kujua yalitokeaje hasa.

JIBU: Mwalimu, hayakutokea usiku mmoja, wala nchi hizo hazikufuata njia moja. Kwa kuwa unaandika kutoka mji ambao Wajerumani waliufanya makao yao makuu kabla ya kuhamia Dar es Salaam, nianze na Ujerumani. Kanuni yao ya adhabu ya mwaka 1871, ndiyo iliyokuwa ikitumika kwao wakati bendera yao inapepea hapo Bagamoyo, iliwafunga jela wanaume waliokutana kimwili, na utawala wa Hitler uliikaza zaidi mwaka 1935. Ujerumani Magharibi iliilegeza mwaka 1969, na kifungu chenyewe hakikufutwa kabisa mpaka mwaka 1994. Mwaka 2001 wapenzi wa jinsia moja waliruhusiwa kusajili uhusiano wao bila kuuita ndoa. Ndoa yenyewe ilipigiwa kura bungeni tarehe 30 Juni 2017, wabunge 393 wakikubali na 226 wakikataa, naye Angela Merkel, aliyekuwa mkuu wa serikali, alikuwa miongoni mwa waliokataa. Kutoka jela mpaka cheti cha ndoa, Wajerumani walichukua miaka 146.

Uholanzi ndiyo iliyotangulia nchi zote, tarehe 1 Aprili 2001, ingawa Denmark ilikuwa imeanza na usajili wa wapenzi hao tangu mwaka 1989. Leo nchi zenye ndoa hizo ni zaidi ya 35, na katika bara letu ni moja tu, Afrika Kusini. Huko mahakama ndiyo iliyofungua mlango. Katiba yao ya mwaka 1996, iliyoandikwa na watu waliotoka kubaguliwa kwa rangi ya ngozi, ilikataza pia ubaguzi kwa sababu ya mwelekeo wa kimapenzi, na tarehe 1 Desemba 2005 Mahakama ya Katiba ikaamua kwamba sheria ya ndoa iliyowaacha nje wapenzi wa jinsia moja ilipingana na katiba hiyo. Bunge lilipewa miezi 12 kurekebisha, likapitisha sheria mpya kwa kura 230 dhidi ya 41, nayo ikaanza kutumika tarehe 30 Novemba 2006. Hapo sheria iliwatangulia raia wengi, na mpaka leo wanawake wanaojulikana kuwa na wapenzi wa kike hushambuliwa katika baadhi ya vitongoji vya nchi hiyo hiyo yenye katiba ya kupigiwa mfano.

Ireland ilikwenda kinyume cha hapo. Nchi hiyo ya Wakatoliki, ambayo mpaka mwaka 1993 ilikuwa bado na sheria ya kuwaadhibu wanaume hao, iliwauliza wananchi wenyewe kwa kura ya maoni mwezi Mei 2015, na asilimia 62 wakakubali. Taiwan ni kisa cha aina yake: mahakama iliamua mwaka 2017 kwamba wapenzi hao waruhusiwe kuoana, wapiga kura wakaonyesha mwaka 2018 kwamba wengi wao hawataki sheria ya kawaida ya ndoa iguswe, na bunge, likiwa limebanwa katikati, likatunga sheria ya pekee mwezi Mei 2019. Kwa hiyo anayesema "wakubwa waliamua" na anayesema "wananchi waliamua" wote wawili wanaweza kupata nchi ya kuwatolea ushahidi.

Swali gumu zaidi, ambalo hukuliuliza lakini naona limo ndani ya barua yako, ni kwa nini nyoyo za watu zilibadilika. Nchini Marekani shirika la kura za maoni la Gallup lilikuta mwaka 1996 kwamba asilimia 27 tu ya watu waliunga mkono ndoa hizo. Mwaka 2023 walikuwa asilimia 71, na katikati hapo Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikwisha kuamua, mwezi Juni 2015, kwa majaji watano dhidi ya wanne, kwamba majimbo yote yazikubali. Wapo wanaotaja filamu na televisheni, nami sikatai, lakini kwa maoni yangu mambo yaliyobadilisha zaidi yalikuwa ya kawaida kabisa. Wakati UKIMWI ulipoua vijana wengi katika miaka ya 1980, wenzi waliowauguza walizuiwa kuingia wodini na kufukuzwa katika nyumba walizopanga pamoja, kwa sababu kisheria hawakuwa ndugu wala wanandoa. Tena, kadiri watu walivyojitambulisha, mamilioni ya familia ziligundua kwamba anayezungumzwa ni mtoto wao au jirani wa miaka mingi. Ni rahisi kumkataa mtu usiyemjua.

Hata hivyo si maji yanayotiririka upande mmoja tu. Croatia ilipiga kura mwaka 2013 na kuandika katika katiba kwamba ndoa ni ya mwanamume na mwanamke. Mahakama ya Juu ya India, iliyokwisha kuondoa adhabu ya jinai mwaka 2018, ilikataa mwezi Oktoba 2023 kuruhusu ndoa, ikisema kazi hiyo ni ya Bunge. Uganda ilikaza sheria yake mwaka 2023 hadi kufikia adhabu ya kifo kwa baadhi ya makosa, na Mali ikaharamisha mapenzi hayo mwaka 2024. Hata huko Marekani wafuasi wa chama cha Republican, ambao mwaka 2021 zaidi ya nusu yao waliziunga mkono ndoa hizo, wamerudi chini ya nusu.

Sasa tuje kwetu Tanzania Bara. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 9, inasema ndoa ni muungano wa hiari wa mwanamume na mwanamke unaokusudiwa kudumu maisha yao yote. Sheria ya Kanuni za Adhabu, katika kifungu cha 154, inataja kifungo cha maisha, na kwa vyovyote kisichopungua miaka 30, kwa kile inachokiita makosa dhidi ya maumbile. Msingi wa kifungu hicho tuliurithi kwa Waingereza, ambao wenyewe walianza kuufuta kwao mwaka 1967. Lakini miaka hiyo 30 iliwekwa na Bunge letu wenyewe mwaka 1998, kwa sheria ya makosa ya kujamiiana. Basi yeyote anayesema jambo hili lote limeletwa na wageni, awe anatetea au anapinga, anasimulia nusu ya habari.

Kuhusu hofu ya usiku mmoja, wakumbushe wenzako shauri la umri wa kuolewa. Mahakama ya Rufani iliamua mwezi Oktoba 2019 kwamba kuruhusu msichana aolewe na miaka 15 kunapingana na Katiba, ikaagiza sheria irekebishwe, na miaka ikapita bila Bunge kuirekebisha, ingawa wengi wenye mabinti wanaafiki. Nchi inayokwenda kwa mwendo huo katika jambo lenye waungaji mkono wengi haitaamka asubuhi ikakuta maana ya ndoa imebadilishwa usiku.

SWALI: Nimesikia kwamba Wakurya wana desturi ya mwanamke kuoa mwanamke. Je, si ndoa ya jinsia moja hiyo? (Msomaji, Muheza)

JIBU: Desturi ipo, mkoani Mara, na wenyewe huiita nyumba ntobhu. Mwanamke asiye na mtoto wa kiume, mara nyingi mjane, hutoa mahari na kumleta msichana nyumbani ili amzalie watoto watakaobeba jina la ukoo na kurithi mali. Watoto hao huzaliwa na mwanamume, wala wanawake hao wawili hawaishi kama wapenzi. Ni mpango wa uzazi na urithi. Sheria ya Ndoa haiitambui, kwa maneno yale yale ya kifungu cha 9. Kuitaja kama ushahidi kwamba mapenzi ya jinsia moja yalikubalika zamani ni kuibebesha mzigo usio wake, ingawa inatuonyesha kwamba mababu zetu walikuwa na maana zaidi ya moja ya neno "kuoa".

SWALI: Mimi ni mzee wa kanisa, usharika wa Lushoto. Tunaambiwa kwamba nchi ikishahalalisha, wachungaji hulazimishwa kufungisha. Ni kweli?

JIBU: Mzee, kwa sehemu kubwa si kweli, na palipo na ukweli panahitaji kuelezwa vizuri. Sheria ya Uingereza ya mwaka 2013 iliruhusu ndoa hizo serikalini na kwa dhehebu litakaloamua lenyewe, na papo hapo ikaliweka kando Kanisa la Anglikana la nchi hiyo, lisifungishe. Denmark, ambako kanisa la Kilutheri ni la taifa, ilitaka mwaka 2012 ndoa hizo zipatikane kanisani, lakini ilimwachia kila mchungaji haki ya kukataa kwa dhamiri yake. Palipobana ni kwa watumishi wa serikali. Afrika Kusini iliwaruhusu hapo mwanzo maofisa wake wa ndoa kukataa, na mwaka 2020 ikawaondolea ruhusa hiyo, kwa hoja kwamba anayelipwa mshahara na umma hawezi kuchagua raia wa kumhudumia. Madhehebu ya dini yaliachiwa uamuzi wao.

Ndani ya makanisa yenyewe mvutano haujaisha, na kanisa lako linaufahamu vema. Kanisa la Sweden lilipoamua mwezi Oktoba 2009 kufungisha ndoa hizo, KKKT, yaani Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania, lilitoa tamko huko Dodoma mwezi Januari 2010 kulikataa jambo hilo waziwazi. Kwa upande wa Wakatoliki, Roma iliruhusu mwezi Desemba 2023 baraka fupi kwa wapenzi wa jinsia moja, ikisisitiza kwamba baraka hiyo si ndoa. Maaskofu wa Afrika wakajibu mwezi uliofuata kwamba hata hiyo hawataitoa. Katika mifano yote hiyo hapana serikali iliyoandika ibada. Waumini walibishana wao kwa wao, na wangali wanabishana.

SWALI: Shikamoo Mhariri. Mimi ni mjane, naishi Ngamiani hapa Tanga. Binti yangu anafanya kazi Afrika Kusini, na mwaka jana nilijua kwamba amefunga ndoa serikalini na mwanamke wa huko. Baba zake wadogo wamepata habari, wanasema amejitoa katika dini, hivyo asihesabiwe katika mirathi ya nyumba ya marehemu baba yake, ambayo bado haijagawanywa. Nina watoto wa kiume wawili na huyu mmoja wa kike. Je, wana haki? Na huyo mwenzake atakuja kudai nyumba yetu? Anataka kuja naye Idi, sijui nimwambie nini.

JIBU: Marahaba, mama. Nitakujibu kwa marefu, kwa sababu katika barua yako mambo matatu yamefungwa fundo moja.

La kwanza ni mirathi. Kwa kuwa marehemu alikuwa Mwislamu na mtafuata sheria ya Kiislamu, vizuizi vya kurithi vinavyotajwa na wanazuoni vinajulikana, kama vile kumuua anayerithiwa na kutofautiana naye dini. Kutenda jambo ambalo dini inalihesabu kuwa dhambi, hata dhambi kubwa, hakumtoi mtu katika warithi. Kama binti yako mwenyewe hajasema kwamba ameacha Uislamu, shemeji zako hawana mamlaka ya kumsemea. Tena wao wenyewe, maadamu marehemu ameacha watoto wa kiume, si warithi katika mali hiyo. Ikiwa wazazi wa marehemu hawakuwa hai alipofariki, wewe unapata fungu 1 katika 8; saba zinazobaki zinagawanywa mafungu 5, kila mtoto wa kiume akichukua mawili na binti moja. Fungueni mirathi Mahakama ya Mwanzo mapema, msimamizi ateuliwe kwa utaratibu, na jina la binti liandikwe katika orodha ya warithi. Mirathi iliyolala miaka ndiyo huwapa nafasi watu wasiohusika kuanza kugawa.

La pili ni huyo mwenzake. Cheti chao ni halali Afrika Kusini, lakini hapa sioni njia ambayo mahakama inaweza kukihesabu kuwa ndoa mbele ya kifungu cha 9 nilichokitaja hapo juu, kwa hiyo hawezi kudai chochote kama mwenzi wa ndoa. Hata angekuwa mume aliyemwoa binti yako kwa posa na mahari, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa uwekezaji. Nyumba ya Ngamiani haimo hatarini kwa upande huo.

La tatu ni Idi, na hapa nakuomba uwe mwangalifu kuliko shemeji zako. Kanuni za Adhabu zinaadhibu matendo, haziadhibu cheti kilichotolewa nchi nyingine, lakini maneno yakishazagaa mtaani mtu anaweza kuitwa kituoni kabla hajapata wa kumsaidia. Zanzibar ina sheria yake yenyewe, na tangu marekebisho ya mwaka 2004 inawataja wanawake kwa uwazi, kwa hiyo kama wana mpango wa kuvuka kwenda Unguja wazungumze kwanza na wakili. Picha za harusi yao zisiingie katika kundi la WhatsApp la familia, na kama zimekwisha ingia, mwombe aliyeziweka azitoe.

Wewe unaweza kuamini kwa moyo wote kwamba ndoa hiyo si ndoa, na hapana sheria ya nchi yoyote inayokutaka uamini vingine. Lakini kabla ya kikao cha ukoo mpigie simu binti yako, mzungumze wawili, umwulize yeye anataka wakae vipi hapo nyumbani. Ukiona ni vizito mno kuwapokea wote wawili sikukuu hii, mwambie wazi kwa upole ili apange safari yake akijua, na ukiona unaweza, mgeni wa Idi hupewa chakula na mahali pa kulala, na baba wadogo hawana haja ya kuelezwa zaidi ya hapo. Nakala ya maombi ya mirathi mtumie kabla hajasafiri, ili akifika aweze kuthibitisha mwenyewe mahakamani kwamba yeye ni mrithi.