Wakili Atangulie, Nyumba Ifuate

Wiki iliyopita dada mmoja anayeishi Coventry aliniandikia kwamba ofa yake ya nyumba imekubaliwa, na kwamba dalali amempa jina la wakili wa bei nafuu na kumhimiza asaini mkataba na wakili huyo kabla ya Ijumaa. Nilipousoma ujumbe wake nilijiona mimi mwenyewe wa miaka mitatu iliyopita. Ninamjibu hapa ili na wengine wanaotafuta nyumba zao huku Uingereza wanufaike.

Nyumba yangu ya kwanza, huko Leicester, niliikosa kwa sababu ya wakili. Nami nilimpokea wa dalali bila kuuliza swali, kwa kuwa sikujua kwamba madalali wengi hulipwa ada kwa kila mteja wanayempeleka, wala kwamba wakili anatakiwa kumweleza mteja mpango huo waziwazi. Kila nilipopiga simu nilipokewa na mtu mwingine, nikaanza kueleza upya. Ilikuwa wiki ya 9, uchunguzi wa rekodi za nyumba hiyo za halmashauri, za maji taka na za mazingira ukiwa umekwisha kulipiwa, ndipo mtu alipofungua taarifa zangu za benki na kuuliza pauni 6,000 zilizoingia kwa mkupuo zilitoka wapi.

Zilikuwa za upatu. Wanawake 12 tulikuwa tukichanga pauni 500 kila mwezi, na zamu yangu ilikuwa imefika. Nilieleza kwa barua pepe tatu, nikajibiwa kwa maneno yaliyonifanya nijione mtuhumiwa wa utakatishaji wa fedha. Sheria inawataka mawakili wahakikishe chanzo cha fedha, na sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba swali la siku ya kwanza liliulizwa mwezi wa tatu. Muuzaji alichoka, na kwa kuwa katika England kila upande unaweza kujitoa mpaka mnunuzi na muuzaji wabadilishane mikataba iliyosainiwa, akamuuzia mwingine. Fedha za uchunguzi na za mkaguzi wa hali ya nyumba hazikurudi. Nililia sana, na hadi leo siupiti mtaa ule.

Mara ya pili nilimtafuta wakili kabla sijaiona nyumba yoyote. Nilipigia ofisi tano, nikauliza ni nani hasa atakayelishika faili langu, kama benki itakayonikopesha inamkubali, na kama amewahi kushughulikia fedha za upatu. Mmoja tu, mama wa makamo, ndiye aliyeniuliza kama mweka hazina wetu ana daftari. Baada ya siku nne alikuwa na daftari hilo, pamoja na barua ya kaka yangu wa Mwanza ikisema kwamba pauni 3,000 alizonitumia ni zawadi, si mkopo, na kwamba hatadai sehemu ya nyumba. Baadaye wakili huyo alinizuia kununua fleti ya leasehold, yaani inayomilikiwa kwa miaka maalumu tu, iliyobakiza miaka 76, kwa kuwa muda ukishuka chini ya miaka 80 gharama ya kuurefusha hupanda, jambo ambalo dalali hakuligusia kabisa. Alinitoza zaidi ya yule wa kwanza, na sijutii hata peni moja.

Ndugu zangu, tunazunguka maduka saba kutafuta kochi, halafu akiba ya miaka kumi tunamkabidhi mtu tusiyemjua kwa sababu ni wa bei rahisi! Ulizeni. Tangu Desemba 2018 ofisi zinazosimamiwa na Solicitors Regulation Authority, mamlaka ya mawakili wa England na Wales, zinatakiwa kuweka wazi bei za kazi hii, na mawakili wenyewe wamo katika rejista ya mamlaka hiyo. Linganisheni jumla yote, maana bei ndogo ya mwanzo mara nyingi huongezewa ada ya fleti, ya zawadi na ya kutuma fedha.

Dada wa Coventry, usisaini Ijumaa. Mwambie dalali kwa heshima kwamba utamtajia wakili wako wiki ijayo, kwani hana haki ya kukulazimisha umchukue wa kwake. Na kama nawe umo katika upatu, mpigie mweka hazina wenu leo hii.