Nimenunua wafuasi 5,000, mbona nikitafutwa sionekani?

SWALI: Mimi ni fundi wa fanicha hapa Kibuye, Kisumu. Mwaka jana nilitengenezewa tovuti, kisha kijana mmoja akaniuzia wafuasi 5,000 wa Instagram. Aliniahidi kwamba mtu yeyote akitafuta sofa Kisumu, mimi ndiye nitakayetokea wa kwanza. Mke wangu akijaribu kwa simu yake hanioni, na tovuti haipati wageni. Je, niongeze wengine 10,000?

JIBU: Usinunue hata mmoja, fundi. Kila mwezi napokea swali hili kutoka kwa wenye biashara, iwe ni Kondele, Kakamega au Nakuru, na kila mara linafika baada ya pesa kuliwa.

Anayetafuta sofa haandiki jina la karakana yako, kwa sababu halijui. Anaandika kitu anachokitaka: "sofa ya watu saba Kisumu", "kitanda cha mbao", "fundi wa makochi". Agosti 2021, Adam Mosseri, mkuu wa Instagram, alieleza jinsi utafutaji wao unavyofanya kazi. Kinachopewa uzito kuliko vyote ni maneno ya mtafutaji, ambayo hulinganishwa na majina ya akaunti, wasifu (yale maneno mafupi ya kujitambulisha juu ya ukurasa), maelezo ya picha, hashtegi (maneno yenye alama ya #) na mahali. Baadaye ndipo hutazamwa akaunti ambazo mtafutaji amezoea kuzifuata na kuzitembelea, na umaarufu wa kile kinachotafutwa. Wafuasi wamo katika fungu hilo la mwisho, pamoja na mibofyo na kusambazwa kwa picha. Sasa mfuasi bandia atabofya nini, atamsambazia nani? Hakuna mtu nyuma yake. Tena hufutwa: Desemba 2014 Instagram ilifagia akaunti bandia kwa mamilioni, hata wasanii wakubwa wakaamka wafuasi wao wamepungua.

Nimeitazama akaunti yako. Jina ni la kampuni peke yake. Kwenye wasifu umeandika "Ubora ndio fahari yetu". Chini ya picha kuna emoji tatu za moto na "bei inboksi". Kazi yako ni safi, ile sofa ya kijivu yenye kona ningeinunua mimi mwenyewe, lakini sikuona neno "sofa" popote, wala "Kisumu". Mkeo angekuonaje?

Sehemu ya jina iseme unachouza na uko wapi: jina lako, kisha "Sofa na Vitanda Kisumu". Chini ya kila picha andika vile ambavyo ungemweleza mteja aliyesimama karakanani: ni sofa ya watu wangapi, mbao gani, kitambaa gani, inachukua siku ngapi, unapeleka hadi Siaya au Busia. Yaandike kwenye maelezo yenyewe, usiyaache ndani ya bango, yaani maneno yaliyochorwa juu ya picha. Na uweke bei. Mtu aliye Busia hana muda wa kukubembeleza inboksi umtajie bei, na jirani yako ameshaitaja.

Tovuti yako haipati wageni kwa sababu kiungo chake (linki) ukikiandika kwenye maelezo ya picha ya Instagram hakibofyeki. Kiweke kwenye wasifu. Facebook kinabofyeka, basi pale mpeleke mteja moja kwa moja kwenye ukurasa wa sofa ileile aliyoiona, wenye maneno yaleyale, badala ya kumwacha kwenye ukurasa wa mbele aanze kutafuta upya. Tangu Julai 2025, machapisho ya wazi ya akaunti za kibiashara za Instagram yanaweza pia kuonekana kwenye Google, kwa hiyo maelezo unayoandika leo yanaweza kukuletea mteja kwa njia mbili.

Nafasi hii ni ya kweli, ndiyo maana inaniuma kuona inavyoharibiwa. Julai 2022 Prabhakar Raghavan, aliyekuwa akisimamia utafutaji wa Google, alisema kwamba karibu asilimia 40 ya vijana wakitaka mahali pa kula mchana hawafungui Google wala ramani zake, wanakwenda TikTok au Instagram. Uchunguzi huo ulihusu vijana wa Marekani, ila nami naona wateja wa hapa wakifanya vivyo hivyo. Hao wauza wafuasi wanamchukulia fundi pesa za mbao, wanamwachia namba tupu, kisha yeye anaamini kwamba mtandao haufai kwa watu kama yeye.

Na wengi huomba neno la siri "ili wafanye kazi". Mama mmoja muuza nguo wa Nakuru alilitoa. Miezi miwili baadaye ukurasa wake, wenye picha za miaka minne, ulikuwa unauza simu na hakuweza kuurudisha. Kama kijana wako analo lako, libadilishe leo, washa uthibitisho wa hatua mbili (anayeingia aombwe namba ya ziada mbali na neno la siri), na umwondoe kwenye orodha ya wasimamizi wa ukurasa wa Facebook kabla hujagusa maelezo ya picha hata moja.